Fleti ya zamani iliyokarabatiwa Tanga mjini: kagua nini kabla ya kutoa hela?

SWALI: Mwanangu mhandisi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Muheza. Kiinua mgongo changu kimetoka na nataka kununua makazi Tanga mjini, niwe karibu na bahari uzeeni. Dalali amenionyesha fleti ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili, ndiyo ya juu kabisa. Chini ni maduka. Anasema ni jengo la Mjerumani na fleti imekarabatiwa yote: marumaru mpya, dari ya jipsamu yenye taa za kuzama, jiko limeunganishwa na sebule, madirisha ya alumini. Ina roshani inayotazama barabara. Bei ni shilingi milioni 95, na anasema nikichoka kukaa nitaipangisha kwa laki nne na nusu kwa mwezi. Anataka milioni 10 za kushikia kabla ya Ijumaa, maana kuna mteja mwingine kutoka Dar. Nitajuaje kama ukarabati ni wa kweli? Nilipe?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kumaliza utumishi salama.

Hela ya Ijumaa usitoe. Huyo mteja wa Dar yumo katika kila nyumba inayouzwa mji huu, na mimi sijabahatika kumwona. Kama yupo kweli na yuko tayari kutoa milioni 10 bila kuona hati, mwache atangulie.

Maelezo yako yana jambo moja lililonigusa. Kila ulichotajiwa kiko ndani ya mlango wako. Hakuna aliyekueleza habari za paa, nguzo, ngazi, bomba la maji machafu, wala jina lililomo kwenye hati. Hivyo visivyotajwa ndivyo vinavyobeba thamani ya milioni 95. Marumaru hata wewe ukiamua utaziweka. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mkarabati anayenunua ili auze anajua sana kuupamba mkakasi.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ukaguzi wake ni wa gharama ndogo kuliko wote na unaweza kuimaliza habari hii kabla hujapanda gari kuja mjini.

Mwezi Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha nchini kwa sheria ya utwaaji wa majengo, na Tanga ni mmoja wa miji iliyoguswa. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi zake zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo ghorofa nyingi kuukuu za mjini kati ni mali ya Shirika, na wanaokaa humo ni wapangaji, wengine tangu wazazi wao. Mpangaji wa namna hiyo akikarabati chumba kwa hela yake, huanza kukiona chake. Anayemfuata anaambiwa "nauza", lakini anachouziwa ni kilemba, yaani analipia nafasi ya kupanga, na hata hiyo nafasi Shirika linaweza kuikataa. Milioni 95 za kilemba kwa mstaafu ni msiba. Basi swali la kwanza kwa dalali liwe hili: jengo ni la Shirika, la mtu binafsi, la wakfu, au la warithi? Akijibu "hilo tutaliona mbele", mbele hakuna kitu.

Kama ni la mtu binafsi, liko swali la pili ambalo wengi hulisahau. Hati ya jengo zima haikupi wewe fleti. Tangu ipite sheria ya umilikaji wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, jengo linaweza kugawanywa na kila fleti ikapata hati yake, ile ambayo watu huiita hati pacha. Majengo ya zamani mengi hayajawahi kugawanywa hivyo. Mwenye jengo anaweza kukuandikia mkataba wa mauziano mzuri, wenye mihuri ya wakili, na bado kwenye daftari la Msajili wa Hati ukawa haumo. Akifa, unabaki kubishana na watoto wake. Mimi bila hati ya sehemu nisingenunua, hata kwa nusu ya bei. Ninachoweza kukubali ni mkataba unaosema fedha zitakaa kwa wakili mpaka hati hiyo itoke kwa jina lako.

Mwambie wakili wako, si wa muuzaji, akafanye upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio, na miaka iliyobaki. Hati za mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na hati kongwe inaweza kuwa ukingoni. Kama mwenye jina amefariki, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Majengo ya hapa yana warithi Muscat, London na Toronto ambao hawajaonana kwa miaka, na anayekuonyesha funguo huenda ni binamu tu. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzi iandikwe. Deni la pango la ardhi nalo lisomwe hapo hapo, na la kodi ya jengo liulizwe pia.

Karatasi zikikaa sawa, ndipo upande ngazi.

Kuhusu hilo "jengo la Mjerumani": Mjerumani alitolewa Tanga mwaka 1916. Jengo lake halisi ukitaka kuliona, nenda Boma la zamani palipo makumbusho ya Urithi, utazame unene wa kuta. Majengo ya zama zile yana kuta nene za mawe na chokaa, na ukuta wenyewe ndio unaobeba. Kama jengo lako lina nguzo nyembamba za zege, vivuli bapa juu ya madirisha, matofali ya matundu kwenye ngazi na sakafu ya terazo (ile ya saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa ikang'aa), basi ni la miaka ya 1950 au karibu na hapo, wakati mkonge ulikuwa dhahabu ya mkoa huu na bei yake ilipanda sana kwa Vita vya Korea. Inua macho pia juu ya ukingo wa paa upande wa barabara. Wafanyabiashara wengi walichora mwaka wa ujenzi kwenye plasta. Dalali anapenda kusema Mjerumani kwa sababu linasikika imara. Mimi nataka kujua umri kwa sababu magonjwa ni tofauti: jengo la mawe na chokaa huugua unyevu na kuta zilizobomolewa ovyo, jengo la zege huugua kutu ya nondo.

Kwa ulivyolieleza, na hiyo roshani, nadhani ni la zege. Basi nitakaa hapo zaidi.

Zege likiwa zima huzilinda nondo zilizo ndani yake, kwa kuwa lina alkali kali inayozuia kutu. Miongo ikipita, hewa hupenya polepole na alkali hupungua. Chumvi ya bahari ikiingia, kutu huanza hata kabla ya hapo. Chumvi hiyo hutoka kwenye upepo, na wakati mwingine ilikuwemo tangu siku ya kwanza, kwa sababu wapo mafundi wa mwambao waliochanganya zege kwa mchanga wa ufukweni. Kutu inahitaji nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Kwanza unaona ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, halafu doa la hudhurungi, halafu kipande kinadondoka. Hata pasipodondoka kitu, nondo iliyoliwa haibebi tena mzigo ule ule.

Sasa fikiria mahali ulipo wewe. Uko ghorofa ya juu. Juu ya kichwa chako kuna slabu ya paa, yaani bamba la zege, iliyopigwa jua na mvua kwa miaka zaidi ya sitini, na muuzaji ameifunika kwa dari ya jipsamu. Huenda aliiweka kwa urembo. Huenda alichoka kupaka rangi madoa yanayorudi. Huwezi kujua bila kuchungulia, na habari njema ni kwamba taa za kuzama zimekufungulia njia. Taa hizo hushikwa kwa springi mbili tu. Mwombe fundi umeme azime umeme na kuzichomoa tatu au nne, mojawapo iwe karibu na ukuta wa nje na nyingine karibu na bafu. Ingiza simu ikiwa inarekodi video na tochi imewashwa, izungushe taratibu, kisha utazame ulichopata. Nondo zilizo uchi, madoa ya hudhurungi, michirizi myeupe ya chokaa iliyooshwa na maji, au viraka vya saruji mpya visivyo na idadi: chochote kati ya hivyo kinatosha kumwita mhandisi kabla ya mazungumzo mengine. Kiraka cha saruji kilichopigwa juu ya nondo yenye kutu bila kuisugua na kuitibu hakikai. Kutu inaendelea kazi yake chini yake. Muuzaji akikataa taa zisichomolewe, naye amejibu.

Paa lenyewe ulipande. Angalia kama maji yanasimama, kama lami au utando wa kuzuia maji umepasuka, kama mifereji imeziba kwa majani na mifuko. Kisha hesabu matangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na wapangaji wa jengo zima hupenda kuyaweka yote juu, kila mmoja lake. Yakikaa juu ya nguzo au ukuta unaobeba, afadhali. Yakikaa katikati ya slabu, juu ya kitanda chako, yahamishwe kwanza.

Chini ya miguu yako pia kuna mzigo mpya. Uliza marumaru zimewekwa juu ya nini. Wengi hawang'oi terazo ya zamani (na mara nyingi terazo hiyo, ikisuguliwa, ni nzuri kuliko marumaru yoyote ya dukani), wanamwaga saruji na mchanga juu yake kisha wanabandika. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa karibu kilo 100 kwa mita ya mraba; sebule ya mita 20 za mraba imebebeshwa tani 2. Sakafu ya makazi kwa kawaida hupimiwa watu na samani wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, kwa hiyo nusu ya akiba au zaidi imeliwa kabla hujaingiza kabati. Pima kimo cha kizingiti cha mlango wako dhidi ya ngazi ya mwisho utaona walivyoinua. Weka gololi sakafuni sehemu kadhaa. Ikikimbilia katikati ya chumba kila mara, sakafu imezama.

Chukua na nyundo ndogo. Gonga nguzo, bimu za kwenye ngazi, na kingo za madirisha. Zege zima lina mlio mkavu. Lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Ngazi ndiyo mahali pa kweli kwa sababu hakuna anayeipaka rangi ya kuuzia.

Ukuta wa jiko uliovunjwa unanisumbua. Katika jengo la nguzo na bimu, kuta nyingi za ndani ni za kujaza tu na kuutoa mmoja si hatari. Lakini kama nimekosea kuhusu umri na hilo ni jengo la mawe, ukuta huo ulikuwa unabeba paa. Gonga hodi kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, uone kama ukuta wa namna hiyo upo kwake, na unene wake. Tazama pembe za madirisha ya jikoni kama kuna nyufa za mshazari zilizojazwa na kupakwa upya. Halafu omba kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji. Kubomoa ukuta na kuongeza bafu ni kazi ya kibali. Pasipo kibali, hapakuwa na mchoro, na pasipo mchoro, aliyeamua ni fundi mwenye nyundo.

Ukiwa kwa huyo jirani, zungumza naye. Muulize kama dari lake linadondosha maji tangu bafu la juu litengenezwe. Mwenye duka la chini naye anajua mengi kuliko dalali: bomba la maji machafu huziba lini, nani hulipa mzibuaji, nani alitengeneza paa mara ya mwisho. Nunua soda, kaa.

Mabomba ni hadithi ile ile ya ndani na nje. Mkarabati hubadilisha mabomba ya fleti kuwa ya plastiki, lakini bomba la pamoja linalopanda kutoka chini linabaki la chuma cha zamani, limejaa kutu ndani mpaka tundu lake limebaki dogo. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta choo, utazame kama maji yanakata. Kisha zunguka kichochoroni nyuma uangalie bomba la maji machafu: chuma kilichotoboka, viungo vyenye ukungu wa kijani, viraka vya simenti. Mita ya maji ya Tanga UWASA iwe ya fleti yako, au ujue mnagawana vipi. Umeme vivyo hivyo: mita ya LUKU iwe ya kwako, fundi afungue soketi mbili na ubao wa braka, aone kama nyaya nyuma ni mpya au soketi mpya zimefungwa kwenye nyaya za zamani zenye mpira uliokauka, na kama waya wa ethi unafika ardhini kweli. Hapo hakuna la kujadili sana. Ni kazi ya saa moja kwa fundi mzuri.

Kuta zikiwa na unga mweupe au rangi inayobanduka karibu na sakafu, unyevu na chumvi vimo. Kwenye ukuta wa mawe na chokaa, plasta ya saruji huongeza ugonjwa, kwa sababu inaziba njia ya unyevu kutoka. Kama unaweza kusubiri, njoo uitazame fleti masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa imepiga siku mbili mfululizo. Kama huwezi, njoo saa nane mchana na urudi saa mbili usiku. Slabu ya zege isiyo na kivuli hushika jua mchana na kulitema usiku, na madirisha ya alumini ya kuteleza hufunguka nusu tu, wakati yale ya mbao ya zamani yalipitisha upepo hata yakiwa yamefungwa. Ghorofa ya juu bila kiyoyozi, Februari, si mchezo. Na ngazi hizo utazipanda ukiwa na miaka sabini na mfuko wa mchele mkononi. Nalisema kwa heshima.

Jambo la mwisho kabla ya bei: nani anatengeneza paa? Sheria ya 2008 inataka wamiliki wa sehemu wawe na chama chao, chenye kanuni, na kila mmoja achangie sehemu za pamoja kwa kadiri ya fungu lake. Omba kuona daftari la michango. Kama hakuna chama, paa linakuwa la wote kwa maneno, lakini likivuja linamvujia wa juu peke yake, na huyo ni wewe. Utawagongea milango watu ambao kwao pakavu.

Sasa bei. Laki nne na nusu mara kumi na mbili ni shilingi 5,400,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji, inabaki 4,950,000, ambayo ni kama asilimia 5.2 ya milioni 95, kabla hujagusa ukarabati, kodi wala michango ya jengo. Na hiyo laki nne na nusu ni ya dalali. Uliza mwenyewe wapangaji wa fleti za jirani wanalipa ngapi. Dalali atakuambia pia kwamba bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda linaishia Chongoleani, kwa hiyo bei itapaa. Bomba lipo, ni kweli, lakini Chongoleani ni ng'ambo ya ghuba, na wewe unanunua slabu ya mjini kati. Mwite mthamini aliyesajiliwa na bodi, akupe thamani ya soko kwa maandishi. Mhandisi wa majengo naye atakupa orodha ya matengenezo, na mkadiriaji majenzi ataiwekea gharama. Fungu lako la gharama za paa na mabomba ya pamoja litoke kwenye bei, lisiongezwe juu yake. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na bila uthibitisho wa TRA kwamba imelipwa uhamisho hausajiliwi. Usikubali ihamishiwe kwako kimya kimya kwenye mkataba. Za kwako ni ushuru wa stempu, ada za usajili na wakili.

Kama moyo umeipenda kweli, mjibu dalali hivi: uko tayari kuweka kiasi kidogo kwa wakili, kwa mkataba unaosema kinarudi chote endapo upekuzi utaonyesha muuzaji si mmiliki, endapo hati ya sehemu haipatikani, au endapo ripoti ya mhandisi itakuta nondo za slabu zimeliwa. Mwenye mali safi hatakasirika.

Kitu kimoja unaweza kunitumia hata kesho: picha za roshani, za juu na za chini. Roshani inayoning'inia haifanani na sakafu nyingine. Nondo zinazoishikilia ziko upande wa juu, pale inapokutana na ukuta, ndipo maji ya mvua yanaposimama. Kwa hiyo chini inaweza kuonekana safi wakati juu nondo zimekwisha, na marumaru mpya zimefunika ufa. Piga picha ya hapo mlangoni, kwenye mstari kati ya sebule na roshani, na nyingine ukiwa barabarani ukitazama juu. Mpaka nizione, usisimame juu yake.